Kukwama kwa video za HD kwenye kompyuta ndogo

Kukwama kwa video za HD ni hali ambapo picha za video yenye ubora wa juu hazionekani kwa mtiririko ulio sawa: zinaganda kidogo, zinaruka, zinasuasua au zinaachana na sauti. Hali hii hutokea sana kwenye kompyuta ndogo zinazotumia umeme kidogo, kama vile Raspberry Pi, kompyuta mpakato za zamani zenye kichakataji cha Intel Atom, na visanduku vidogo vinavyounganishwa na televisheni.

Watu wengi hudhani kwamba sababu ni moja tu, yaani kompyuta ni dhaifu, na kwamba dawa ni kununua nyingine. Mara nyingi sivyo. Kompyuta ndogo inaweza kucheza faili moja vizuri kabisa na kushindwa na faili lingine lenye ukubwa uleule. Jambo linaloamua ni sehemu gani ya kompyuta inafanya kazi ya kusimbua video. Kwa hiyo kabla ya kuihukumu mashine, ni lazima kutafuta chanzo hatua kwa hatua.

Jinsi video inavyochezwa

Video ni mfululizo wa picha tuli zinazoitwa fremu. Zikionyeshwa haraka, jicho huziona kama mwendo mmoja. Video nyingi huwa na fremu 24, 25, 30 au 60 kwa sekunde. Video yenye fremu 25 inaipa kompyuta milisekunde 40 za kuandaa kila fremu. Fremu isipokuwa tayari ndani ya muda huo, programu ya kuchezea huichelewesha au huiacha kabisa, na mtazamaji huona video imekwama.

Ukubwa wa picha ndio unaofanya kazi hii iwe nzito. Picha ya HD ya kawaida ina pikseli 1280 kwa 720, jumla 921,600. Ile inayoitwa HD kamili, au 1080p, ina pikseli 1920 kwa 1080, jumla 2,073,600. Picha ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, jumla 8,294,400. Kwa fremu 25 kwa sekunde, video ya 1080p inadai karibu pikseli milioni 52 kila sekunde.

Kama pikseli hizo zote zingehifadhiwa bila kubanwa, hata kwa njia ya kawaida inayopunguza taarifa za rangi, sekunde moja ingechukua karibu megabaiti 78. Filamu ya saa moja na nusu ingezidi gigabaiti 400. Kwa sababu hiyo video hubanwa kwa kanuni maalumu ziitwazo kodeki. Kodeki haihifadhi kila fremu nzima. Huhifadhi fremu chache kamili, kisha kwa zinazofuata hueleza tu ni nini kimebadilika na kimesogea wapi.

Kubana kunaokoa nafasi, lakini kuna gharama yake: wakati wa kutazama, kompyuta inapaswa kuzijenga upya fremu zote kutokana na maelezo hayo. Kazi hiyo huitwa kusimbua. Kadiri kodeki inavyobana zaidi, ndivyo kwa kawaida kazi ya kuisimbua inavyokuwa nzito zaidi. Kodeki zinazokutwa mara nyingi ni H.264, iliyoidhinishwa mwaka 2003. HEVC, inayoitwa pia H.265, na VP9 za mwaka 2013. Na AV1 ya mwaka 2018.

Kodeki si sawa na aina ya faili. MP4 na MKV ni makasha tu ya kubebea picha na sauti. Ndani ya kasha la MP4 mnaweza kuwa na H.264, HEVC au AV1. Ndiyo maana faili mbili zenye jina linaloishia na .mp4 zinaweza kutofautiana sana, na kubadilisha herufi za mwisho za jina la faili hakubadilishi chochote ndani yake.

Kisimbuzi cha maunzi na usimbuaji wa programu

Kuna njia mbili za kusimbua video. Ya kwanza ni kutumia programu inayoendeshwa na kichakataji kikuu cha kompyuta. Njia hii inakubali karibu kodeki yoyote, lakini inahitaji nguvu nyingi. Ya pili ni kutumia kisimbuzi cha maunzi, yaani sehemu ndogo ya chipu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Kisimbuzi hicho hutumia umeme kidogo na hukiachia kichakataji nafasi, lakini kinajua zile kodeki tu ambazo watengenezaji waliziweka tangu mwanzo.

Historia ya kompyuta ndogo inaonyesha wazi tofauti hiyo. Mwaka 2008 kulienea kompyuta mpakato ndogo za bei nafuu, maarufu kama netbook, zenye kichakataji cha Intel Atom N270. Sehemu yake ya michoro haikuwa na uwezo wa kusimbua H.264, hivyo video za HD kamili zilizishinda. Mwaka 2009 zilitokea kompyuta zilizounganisha Atom ileile na chipu ya Nvidia Ion, yenye kisimbuzi ndani yake, nazo ziliweza kucheza video za 1080p. Kampuni ya Broadcom nayo iliuza kadi ndogo ya Crystal HD, iliyochomekwa ndani ya netbook ili ifanye kazi hiyo hiyo. Kichakataji hakikubadilika; kilichobadilika ni nani anayesimbua.

Mfano wa pili ni Raspberry Pi, kompyuta yenye ukubwa wa karibu na kadi ya benki iliyobuniwa Uingereza kwa ajili ya kufundishia na kuanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012. Ya kwanza ilikuwa na kichakataji cha kiini kimoja chenye kasi ya megahezi 700, ambacho hakikuweza kusimbua HD kamili kwa programu. Hata hivyo chipu yake ilikuwa na kisimbuzi cha H.264 kilichoweza kucheza 1080p kwa fremu 30 kwa sekunde. Mtu aliyetumia programu iliyokijua kisimbuzi hicho aliona filamu safi. Aliyetumia programu isiyokijua aliona picha zinazoganda, kwenye mashine ileile na faili lilelile.

Uwezo wa Raspberry Pi umebadilika kwa miaka:

- Raspberry Pi 1 (2012), 2 (2015) na 3 (2016): kisimbuzi cha H.264 hadi 1080p. Hakuna kisimbuzi cha HEVC.
- Raspberry Pi 4 (2019): H.264 hadi 1080p kwa fremu 60, na HEVC hadi 4K kwa fremu 60.
- Raspberry Pi 5 (2023): kisimbuzi cha HEVC hadi 4K. Kisimbuzi cha H.264 kiliondolewa, kwa kuwa kichakataji chake chenye viini vinne vya gigahezi 2.4 kinaweza kuisimbua H.264 ya 1080p kwa programu.

Hakuna hata moja kati ya hizo yenye kisimbuzi cha VP9 au AV1.

Kutambua chanzo

Kanuni kuu ni kubadilisha jambo moja tu kwa wakati. Anayebadilisha programu, waya na faili kwa pamoja hatajua ni lipi lililosaidia.

Hatua ya kwanza ni kuutenga mtandao. Video inakiliwe kwenye diski au kadi ya kumbukumbu ya kompyuta yenyewe, kisha ichezwe kutoka hapo. Ikicheza vizuri, tatizo liko kwenye mtandao na si kwenye usimbuaji. Dalili nazo husaidia: video inayosimama kabisa pamoja na sauti, ikaonyesha kiduara kinachozunguka kisha ikaendelea, inasubiri data. Video ambayo sauti yake inaendelea vizuri huku picha zikiruka, kwa kawaida imeshindwa kusimbuliwa au kuonyeshwa kwa wakati.

Hatua ya pili ni kuijua kodeki. Katika programu ya VLC, kubonyeza Ctrl na J pamoja hufungua dirisha linaloonyesha kodeki, ukubwa wa picha na idadi ya fremu kwa sekunde. Katika dirisha hilohilo kuna sehemu ya takwimu inayohesabu fremu zilizopotea. Katika programu ya mpv, herufi i huonyesha taarifa kama hizo juu ya picha. Kwenye YouTube, kubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya video huleta menyu yenye takwimu za kina: humo avc1 ni H.264, vp09 ni VP9 na av01 ni AV1.

Hatua ya tatu ni kutazama kazi ya kichakataji wakati video inacheza, kwa amri ya top kwenye Linux au Task Manager kwenye Windows. Kisimbuzi cha maunzi kikitumika, kichakataji huwa na kazi ndogo. Hapa kuna mtego mmoja. Amri ya top huhesabu kila kiini kuwa asilimia 100, hivyo kompyuta ya viini vinne inaweza kufika 400. Task Manager hugawa kwa viini vyote, hivyo asilimia 25 kwenye kompyuta ya viini vinne inaweza kumaanisha kwamba kiini kimoja kimeelemewa kabisa na vingine vitatu vimekaa tu.

Hatua ya nne ni kucheza faili lingine lenye kodeki tofauti au picha ndogo zaidi. H.264 ya 720p ikicheza vizuri na HEVC ya 1080p ikakwama, chanzo kimekwisha kujulikana.

Vyanzo vya kawaida na tiba zake

Kisimbuzi kipo lakini hakitumiki

Hiki ni chanzo cha kawaida, na kukirekebisha hakuhitaji fedha. Programu ya mpv, kwa mfano, haitumii kisimbuzi cha maunzi mpaka iambiwe; inaanzishwa kwa amri ya mpv --hwdec=auto ikifuatiwa na jina la faili. VLC ina chaguo la aina hiyo katika mipangilio yake. Kwenye kompyuta za Intel zenye Linux, amri ya vainfo huorodhesha kodeki ambazo maunzi yanaweza kuzisimbua. Orodha ikikosekana, huenda kiendeshi cha kadi ya michoro hakijawekwa. Kwa kompyuta inayotumiwa kutazama filamu tu, mfumo kama LibreELEC, unaoendesha programu ya Kodi bila mambo mengine, huja na mipangilio hiyo tayari.

Kodeki isiyofahamika kwa maunzi

Kisimbuzi kisipoijua kodeki, kazi yote humwangukia kichakataji. Hata ndani ya H.264 kuna aina tofauti: ile ya biti 10, iliyotumika sana katika filamu za katuni za Kijapani zinazosambazwa na mashabiki, haikubaliki na visimbuzi vingi vya maunzi. YouTube hutuma video nyingi za HD kwa VP9 au AV1, jambo linalozielemea kompyuta za zamani. Kiongezo cha kivinjari kiitwacho h264ify huiomba YouTube itume H.264 badala yake. Njia nyingine iliyo rahisi ni kuchagua 720p au 480p. Kwenye skrini ndogo tofauti huwa haionekani sana.

Mtandao na hifadhi

Kiwango cha data ambacho video inahitaji kinaweza kukokotolewa. Tuchukue faili la megabaiti 1,800 linalodumu saa moja, yaani sekunde 3,600. Zidisha 1,800 kwa 8 kupata megabiti 14,400, kisha gawanya kwa 3,600: ni megabiti 4 kwa sekunde, sawa na nusu megabaiti. Hata flashi ya kawaida husoma haraka kuliko hapo, kwa hiyo hifadhi ni chanzo kwa nadra, isipokuwa ikiwa imeanza kuharibika. Diski za Blu-ray zinaweza kufikia megabiti 40 kwa sekunde kwa picha peke yake, na hapo Wi-Fi dhaifu inayopita kwenye kuta kadhaa huanza kushindwa. Waya wa mtandao ndio tiba ya uhakika.

Umeme na joto

Video inayoanza vizuri na kukwama baada ya dakika kumi ni dalili ya joto. Raspberry Pi huanza kupunguza kasi yake inapofika nyuzi 80 hivi ili isiungue. Mahali ambapo joto la chumba hufika nyuzi 32, kama ilivyo kawaida Mombasa au Dar es Salaam mwezi Februari, kasha lililofungwa bila matundu hufika kiwango hicho mapema. Kipande cha aluminiamu cha kupoozea au feni ndogo hutosha, pamoja na kufuta vumbi.

Umeme pungufu nao huleta matokeo yaleyale. Raspberry Pi 4 inahitaji chaja ya volti 5.1 na ampea 3. Chaja ya simu au waya mwembamba mrefu huishusha volti, na volti ikishuka chini ya 4.63 alama ya radi hutokea pembeni mwa skrini. Amri ya vcgencmd get_throttled hutoa jibu: 0x0 ina maana hakuna tatizo tangu kompyuta iwashwe, wakati 0x50005 ina maana umeme ni pungufu na kasi imepunguzwa wakati huohuo. Watu hubadilisha programu kwa siku kadhaa bila mafanikio, kumbe kilichokosekana ni chaja ya kufaa.

Skrini isiyolingana na video

Wakati mwingine hakuna fremu hata moja iliyopotea, lakini mwendo bado hauko laini, hasa kamera inapogeuka polepole. Skrini nyingi za kompyuta hujichora upya mara 60 kwa sekunde. Video ya fremu 25 haiingii sawasawa ndani ya 60: fremu moja huonyeshwa mara mbili, nyingine mara tatu. Hili linawahusu watazamaji wa Afrika Mashariki, kwa sababu televisheni za Kenya, Tanzania na Uganda zilifuata mfumo wa PAL wenye fremu 25, na vipindi vingi vya zamani vimehifadhiwa hivyo. Kuipanga skrini ijichore mara 50 kwa sekunde huondoa tatizo, ikiwa skrini inakubali. Kodi ina mpangilio wa kulinganisha skrini na video yenyewe.

Kubadilisha faili

Kodeki isipokubalika na faili likiwa la kutazamwa mara nyingi, linaweza kubadilishwa mara moja kuwa H.264. Kazi hii ifanywe kwenye kompyuta yenye nguvu, kwani ni nzito kuliko kusimbua. Programu ya bure ya FFmpeg hutumia amri kama hii:

ffmpeg -i somo.mkv -vf scale=-2:720 -c:v libx264 -profile:v high -pix_fmt yuv420p -crf 22 -c:a aac somo-720.mp4

Amri hii hupunguza picha hadi urefu wa pikseli 720, huibana kwa H.264 ya biti 8, na huigeuza sauti kuwa AAC. Namba ya crf huamua ubora: ikipungua, ubora huongezeka na faili huwa kubwa. Wasiopenda kuandika amri wanaweza kutumia HandBrake, yenye vitufe vya kubonyeza. Kila mara video inapobanwa upya hupoteza ubora kidogo, kwa hiyo faili la asili lisifutwe. Raspberry Pi 5 ni kisa cha pekee: ikishindwa na H.264 ya 4K, kuigeuza kuwa HEVC ndiko kunakoipeleka kwenye kisimbuzi chake.

Matumizi shuleni

Katika shule, kompyuta ndogo hutumika kwa njia mbili, na ni muhimu kutozichanganya. Njia ya kwanza ni kompyuta iliyounganishwa na projekta ili darasa zima litazame. Hapo kompyuta yenyewe inasimbua, na maelezo yote ya juu yanahusika. Kwa projekta ya kawaida, H.264 ya 720p hutosha.

Njia ya pili ni kuitumia kama seva, kwa programu kama Kolibri inayohifadhi masomo kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Hapo seva haisimbui chochote. Hutuma faili tu, na kila tableti au simu hujisimbulia. Wanafunzi 20 wakitazama kwa pamoja video za megabiti 2 kwa sekunde, seva inatuma megabiti 40. Video zikikwama kwa wote mara moja, ichunguzwe Wi-Fi. Mara nyingi ruta iliyounganishwa na seva kwa waya husaidia. Zikikwama kwenye tableti moja tu, ichunguzwe tableti hiyo.

Kabla ya siku ya somo, video ijaribiwe kwenye kompyuta, chaja na projekta zilezile zitakazotumika, kwa muda wote wa kipindi. Jaribio la dakika mbili haliwezi kufichua tatizo la joto.

Mipaka

Kuna hali ambazo mipangilio haiwezi kuzitatua. Raspberry Pi 3 haitacheza HEVC ya 4K, na netbook ya mwaka 2008 haitacheza AV1 ya 1080p. Hapo yamebaki mambo mawili: kubadilisha faili, au kununua kompyuta mpya. Anayenunua asitazame kasi ya kichakataji peke yake, bali aulize ni kodeki zipi zinasimbuliwa na maunzi. Kwa mfano Intel N100 ya mwaka 2023, iliyokadiriwa kutumia wati 6 tu, ina kisimbuzi cha H.264, HEVC, VP9 na AV1. Kompyuta kubwa ya zamani yenye kichakataji chenye nguvu inaweza kuhangaika na faili ambalo kisanduku kama hicho kinalicheza bila feni kuongeza kasi.